Mjomba aliyegeuka kisiki: uchambuzi wa kisa kimoja cha Nachingwea

Aliletwa zahanati akiwa katikati kwenye bodaboda, dereva mbele, mpwa wake nyuma akimshika kiunoni asianguke. Ilikuwa siku ya gulio, saa tano asubuhi. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja na kukakamaa, kama vya mtu aliyeshika mpini wa jembe lisiloonekana. Alihema mbiombio, midomo imekauka, shati limelowa chapachapa. Neno lake lilikuwa moja tu: "Nakufa, daktari. Nakufa hivi hivi."

Nitamwita Mjomba. Pale kijijini kila mtu anamwita hivyo, na huo ujomba wenyewe, kama tutakavyoona, ni nusu ya ugonjwa. Ana miaka 51, ni Mmwera, mkulima wa mahindi, ufuta na mikorosho kiasi, upande wa magharibi wa Nachingwea, mkoani Lindi kusini mwa Tanzania, kule njia inakoelekea Liwale. Ameniruhusu nisimulie, nami nimebadilisha mambo kadhaa ili asije akanyooshewa kidole gulioni.

Vipimo vya asubuhi ile: mapigo ya moyo 128 kwa dakika, pumzi 32 kwa dakika, presha 158 kwa 96, sukari 8.4. Joto la mwili la kawaida. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu. Nikachukua daftari lake, maana huku wagonjwa huja na madaftari ya shule, nikaandika "PRESHA" kwa herufi kubwa na kupiga mstari chini. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza dawa gani ya presha iliyobaki kabatini.

Muuguzi mwenzangu, mama mtu mzima aliyekaa kwenye kazi hii miaka mingi kuliko mimi, hakusema neno. Alivuta kigoda, akakaa uso kwa uso na mgonjwa. "Mjomba, puliza kama unapoza chai. Pole pole. Haya, tena." Akawa anapuliza naye. Baada ya dakika kama 10 vidole vikaanza kufunguka kimoja kimoja. Baada ya nusu saa mapigo yalikuwa 84 na presha 126 kwa 80, bila kidonge hata kimoja. Mama akanitazama, akalitazama daftari. "Daktari, ungepimwa wewe mbwa akiwa anakukimbiza, ungeandikiwa ugonjwa gani?"

Ndipo nikauliza swali ambalo lilitakiwa liwe la kwanza: kumetokea nini?

Usiku wenyewe

Ilikuwa siku 12 kabla ya hapo. Mwezi Machi mahindi huku yameanza kushika punje, na asiyelinda havuni. Nyani huja mchana, nguruwe jioni, tembo usiku. Mjomba na mpwa wake, kijana wa miaka 17, mtoto wa dada yake, walikuwa wamekesha kwenye dungu wiki 5 mfululizo. Walikuwa na madebe ya kupiga, tochi, moto, na pilipili iliyofinyangwa na mavi ya ng'ombe kwa ajili ya kufukiza. Walipanga kulala kwa zamu. Kwa ukweli hakuna aliyelala.

Saa nane usiku Mjomba alishuka kuchochea moto. Akasikia kijiti kikipasuka nyuma yake. Alipogeuka, tembo alikuwa hatua kama 15, na nyuma yake vivuli viwili vingine. Mpwa, aliyekuwa juu ya dungu, alipiga yowe, akaruka chini, akatimua mbio kuelekea shamba la jirani huku akiita, "Mjomba! Mjomba!"

Mjomba hakukimbia. Hakupiga debe. Hakuitika.

"Miguu haikuwa yangu," aliniambia. "Mtoto namsikia ananiita. Nafungua mdomo, sauti haitoki. Nikawa naona kila kitu, hata udongo uliokauka kwenye goti la yule mnyama, lakini mimi mwenyewe sipo." Tembo alitanua masikio, akasogea kidogo, akasimama. Kisha akageuka, akaondoka na wenzake wakikanyaga mahindi. Watu walipofika na tochi walimkuta Mjomba amesimama palepale, kashika kijinga cha moto kilichokwisha kuzimika.

Hakuwa na mchubuko hata mmoja. Kwa hiyo hata serikalini hakuwa na kesi: yapo malipo ya kifuta jasho kwa aliyeharibiwa shamba, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Aliyetishwa tu hana fomu ya kujaza.

Siku tatu za kwanza alikuwa mzima wa afya. Alikula, alicheka, alihesabu mashina yaliyovunjwa. Siku ya nne mtani wake mmoja, wakiwa wamekaa chini ya mwembe, akasema ile kauli: "Tembo alimwona huyu akadhani kisiki. Tena alitaka kujikuna!" Watu wakavunjika mbavu. Utani ni utani, hakuna aliyekosa. Lakini kuanzia jioni ile Mjomba aliacha kwenda kwa mwembe. Usiku akawa anashtuka. Panya akitikisa majani ya paa, moyo unampiga paa! Mkewe akidondosha sufuria, anaruka. Akaacha kwenda shamba, kwanza usiku, kisha hata mchana. Duka moja la dawa likamuuzia vidonge vya usingizi. Siku ile ya gulio lori aina ya Fuso lilipiga honi nyuma yake, na huo ndio mwanzo wa safari ya bodaboda.

Debe linalolia kabla ya uhakika

Ndani ya ubongo, kila upande, kuna fundo dogo linaloitwa amigdala. Jina limetokana na neno la Kigiriki la tunda la lozi, kwa sababu ya umbo lake. Lingepewa jina Nachingwea lingeitwa korosho. Mojawapo ya kazi za korosho hiyo ni kupiga debe mapema. Kijiti kikipasuka, habari inaifikia kabla sehemu za ubongo zinazotafakari hazijamaliza kujiuliza ni kijiti gani, kimekanyagwa na nani. Mlinzi yeyote wa dungu anaielewa hesabu hii bila kufundishwa. Kupiga debe mara 20 kwa ajili ya upepo ni usingizi umepotea. Kutopiga mara moja ni shamba limekwenda.

Debe likilia, neva za dharura huamsha tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia, na adrenalini humwagika kwenye damu ndani ya sekunde chache. Moyo unaenda mbio. Ini linafungua ghala lake la sukari, na hapo ndipo ile 8.4 ilipotoka. Mishipa ya ngozi inabana, jasho linatoka, mboni za macho zinapanuka, mate yanakauka, tumbo linaacha kusaga. Hili la tumbo lina historia inayonifurahisha: Walter Cannon, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Harvard mwishoni mwa miaka ya 1890, alikuwa akitazama kwa eksirei chakula kinavyosukumwa ndani ya tumbo la paka, akaona kwamba paka akichukizwa tu, tumbo linasimama tuli. Mwaka 1915 alitoa kitabu kuhusu miili ya wanyama wenye hofu, njaa, maumivu na hasira. Tangu hapo madaktari wakawa na msemo: kupigana au kukimbia.

Kuna wimbi la pili, la taratibu. Ubongo unaituma tezi ya pituitari, nayo inaziamuru tezi zilezile za juu ya figo zitoe kotisoli, ambayo hufika kileleni dakika 20 hadi 30 baada ya tishio. Kazi yake ni kurudisha nguvu iliyotumika na baadaye kusaidia kulinyamazisha debe. Kwa usiku mmoja ni dawa nzuri. Kwa wiki 5 za kukesha ni jambo jingine. Hans Selye, akifanya kazi Montreal, alichapisha mwaka 1936 taarifa fupi kuhusu panya: awapige baridi, awachoshe, awape sumu kidogo, matokeo yalikuwa yaleyale, tezi za juu ya figo kuvimba, tezi ya thaimasi, ile ya kinga iliyo kifuani, kusinyaa, tumbo kutoka vidonda. Mjomba si panya, lakini nilipomuuliza aliniambia kwamba hata kabla ya tembo alikuwa na kiungulia cha kila siku, anafoka kwa jambo dogo, na anasahau alipoweka jembe. Tembo alimkuta betri imeshakwisha.

Vidole vilivyojikunja, ambavyo ndivyo vilivyoitisha familia kuliko chochote, vina maelezo mepesi. Mtu akihema kasi bila kukimbia kokote, anatoa hewa ya kaboni kuliko inavyozalishwa mwilini. Damu inapoteza tindikali yake, kalsiamu iliyo huru kwenye damu inapungua makali, neva zinakuwa nyepesi kuchokozeka: ganzi mdomoni, sisimizi kwenye vidole, mkono unajikunja wenyewe. Mishipa ya ubongo inabana, kichwa kinazunguka, na mtu anaamini kwa dhati kuwa roho inatoka. Kwa imani hiyo anahema zaidi. Kile kipulizo cha chai cha yule mama kiliukata mduara huo mahali panapokatika.

Kuganda

Lakini yote hayo ni ya gulioni. Swali la usiku ule ni jingine, na Mjomba hakuliuliza mpaka alipokuja mara ya tatu, tukiwa wawili tu, mlango umefungwa. "Daktari, kwa nini sikukimbia? Na kwa nini..." Akanyamaza, akatazama sakafu. Haja ndogo ilikuwa imemtoka palepale alipokuwa amesimama. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mkewe, aliyeifua ile suruali akidhani ni umande.

Katika watu wa kusini wanaofuata ukoo wa mama, mjomba si ndugu wa pembeni. Ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake, ndiye anayesimama nao kwenye ndoa, jando na kesi. Mtoto anapoita "Mjomba!" gizani, huo ndio mwito ambao mtu mzima wa Kimwera amelelewa kuuitikia. Yeye hakuuitikia. Tembo alikwenda zake baada ya dakika chache. Ile sauti haikwenda.

Hapa nadhani vitabu vyetu vya udaktari viliwahi kutupunja. Kupigana au kukimbia, basi, kana kwamba mwili una milango miwili tu. Kiswahili kilikuwa na mlango wa tatu zamani: butwaa, bumbuwazi, kupigwa na ganzi, kuganda. Hata mwindaji anajua. Ukimmulika paa kwa tochi anasimama. Kwale anajibana kwenye nyasi hadi unakaribia kumkanyaga, ndipo anaruka. Hawakusahau kukimbia. Sehemu ya ubongo wa kati, chini kabisa ya mahali tunapoamulia mambo, imefunga misuli kwanza.

Nilimweleza Mjomba kwa pikipiki, maana anaendesha. Ukibana klachi huku umevuta mafuta hadi mwisho, injini inanguruma, chombo hakisogei. Kuganda ni hivyo. Adrenalini iko juu, lakini breki nayo imekazwa: mapigo ya moyo yanaweza hata kushuka kwa muda, misuli inakakamaa, sauti inakwama kooni, macho na masikio yanachukua kila kitu. Ule udongo kwenye goti la tembo aliuona kwa sababu hiyo. Binadamu waliosimamishwa kwenye mizani ya maabara wakaonyeshwa sura zenye hasira wameonekana wakipunguza kuyumba kwa mwili huku moyo ukipunguza mwendo, na hao ni watu waliojua kabisa wako maabara. Kibofu kulegea ni sehemu ya mtikisiko huohuo wa neva. Hakuna anayepiga kura.

Tena tembo haoni vizuri kwa mbali. Anategemea pua na masikio, na mbio zake zinaishinda miguu ya mtu. Aliyesimama kimya ni mgumu kumtambua kuliko anayekimbia akipiga kelele. Nilimwambia hivyo. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo yule mtani alisema kweli. Kisiki." Ilikuwa mara ya kwanza nimwone anatabasamu.

Nilimweleza jambo jingine ambalo halikuwa la kidaktari sana. Yule tembo naye huja usiku kwa kutuogopa. Katika Selous tembo walikadiriwa karibu 39,000 mwaka 2009, na kufikia 2013 wamebaki kama 13,000, kazi ya majangili. Wanaotukanyagia mahindi leo wako miongoni mwao waliosikia risasi zile. "Basi tulikuwa wawili wenye kiwewe," akasema.

Tembo wa kutumwa

Kabla Mjomba hajarudi kwangu, familia ilikuwa imehangaika kwingine, na sitaki kuwacheka. Kwanza alinyweshwa kombe na shehe wa kijijini. Halikumdhuru, na ile saa moja ya kukaa katikati ya watu wanaomsomea dua ilimpa usingizi bora kuliko vidonge vya dukani. Vile vidonge nilimwachisha: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unasema dawa za kundi la diazepamu zisitolewe kwa dalili za mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha.

Kisha wakaenda kwa mganga, naye akasema tembo yule ametumwa. Huku kwetu imani ya mnyama wa kutumwa ni ya zamani, na simba ndiye anayesingiziwa zaidi. Sibishani na imani ya mtu, ila kama mtabibu niliona ilichofanya. Tembo wa kweli ana msimu: mahindi yakivunwa anakwenda zake. Tembo wa kutumwa hana msimu, na aliyemtuma anaweza kuwa jirani anayekusalimia asubuhi. Korosho ile ya ubongo ikapewa sababu ya kupiga debe mchana kutwa. Wiki aliyotoka kwa mganga ndiyo aliyoacha hata kuchota maji.

Nayo familia, kwa upendo mtupu, ikamalizia. Usiende shamba, Mjomba. Usitoke usiku. Kaa ndani, tutafanya sisi. Kila alipoghairi kwenda, moyo ulitulia, na ubongo ukaandika: tumepona kwa sababu hatukwenda. Kesho yake uwanja wa usalama umepungua tena. Mpwa, aliyekimbia na kuanguka mara mbili, alirudi kwenye dungu usiku wa tatu na kisa chake alikisimulia kila kijiweni hadi watu wakakichoka. Sisemi anayekimbia hapati kiwewe, nimewaona. Lakini huyu hakuwa na kitu cha kuficha.

Tulichofanya hakikuwa kikubwa. Nilimwita mkewe, dada yake na mpwa, kwa idhini yake, nikarudia maelezo ya klachi. Kibofu niliacha akiseme mwenyewe, na alimwambia mkewe baadaye nyumbani. Dada mtu alilia kidogo, akamwambia, "Kaka, mtoto alirudi mzima. Ulitaka nikuzike wewe?" Halafu tukapanga kurudi shambani kwa hatua: kwanza mchana na mkewe, wakae ukingoni mpaka moyo uchoke wenyewe kupiga, ndipo waondoke, si kabla. Siku nne hivyo. Kisha hadi magharibi. Kisha chini ya dungu usiku pamoja na wanaume watatu, saa moja tu.

Haikwenda kwa mstari ulionyooka. Wiki ya pili aliondoka mbio kwa sababu ya nyani mmoja. Ivan Pavlov alishaonyesha kwa mbwa wake kwamba kilichofundishwa hakifutiki. Watafiti waliomfuata wakaongeza kwamba kinafunikwa na fundisho jipya, na kifuniko kinaweza kufunguka mahali pengine. Ndiyo maana alipoanza kutulia shambani bado honi ya Fuso ilimshinda. Ikabidi tuanze tena na gulio, tukisimama mbali, tukisogea.

Wiki ya saba bado alikuwa na ndoto mbili tatu kwa wiki. Dalili zinapovuka mwezi mmoja ndipo tunaanza kufikiria ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, jina lililoingizwa rasmi kwenye orodha ya madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Nilimwandikia rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili hospitali ya mkoa, Lindi mjini. Akaenda mara moja, akarudi akisema nauli ni gunia la mahindi, lakini yule mtaalamu alimwambia maneno yaleyale, kwa hiyo sasa anaamini.

Juni, msimu wa ufuta, alikuja bila kusindikizwa. Amekonda kidogo, macho yametulia. Mapigo 78, presha 122 kwa 80. Alisema amelala kwenye dungu usiku 9, na mtani wake bado anamwita Kisiki, ila sasa anaitika. Akatoa daftari, akafungua ukurasa wa ile siku ya gulio.

"Hili neno, daktari. Mkwe wangu alilisoma, akawaambia watu nina presha. Wananinyima chumvi."

Nikalikata kwa kalamu. Akaendelea kuushikilia ukurasa wazi. Akataka niandike lililo sahihi. Nikaandika "kuganda", na tarehe. Akalisoma taratibu kwa kidole, akalikunja daftari kwenye mfuko wa rambo, akatoka kuwahi lori lililokuwa linapakia ufuta. Lilipiga honi akiwa mlangoni. Alishika fremu ya mlango, akapuliza mara mbili, akaenda.